Gede, Takaungu au Shimoni? Amua kabla ya kufika Mariakani

Ukitoka Nairobi kwa gari kuelekea Pwani, kilomita 450 za kwanza ni zile zile, uende kokote: Mlolongo, Emali, Mtito Andei, Voi, Mackinnon Road, Samburu. Njia zinaachana Mariakani. Ukikata kushoto, barabara ya Kaloleni inakutoa Mavueni, mlangoni pa Kilifi, bila kuigusa Mombasa. Ukinyoosha hadi Miritini, barabara ya Dongo Kundu inakuvusha upande wa Kusini bila kupanga foleni ya feri ya Likoni. Kosa la kawaida ni kufika Mariakani saa sita mchana, jua la utosi, watoto wamechoka, na ndani ya gari bado kuna ubishi. Gari la namna hiyo huishia Mombasa mjini, Changamwe, nyuma ya malori, na siku ya kwanza imekwenda.

Kwa hiyo tunalinganisha miji mitatu midogo ya kale ambayo familia ya Nairobi inaweza kuifikia kwa siku moja ya mwendo: Gede, Takaungu, na Shimoni pamoja na kisiwa cha Wasini kilicho mbele yake. Lamu tumeiacha kwa makusudi. Kutoka Gede bado ungekuwa na zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen na Witu, gari lingebaki Mokowe, na ungemalizia kwa boti. Hiyo ni safari ya wiki. Wikendi ndefu haiitoshi.

Tofauti yenyewe

Gede ni mji uliohamwa. Watu waliondoka mwanzoni mwa karne ya 17, msitu ukaufunika, na leo unaingia kwa tiketi na kusoma kuta. Takaungu ni mji unaoishi: hakuna lango wala tiketi, na nyumba unazozitazama zina watu ndani wanaopika chakula cha mchana. Shimoni ni bandari ndogo ambayo sehemu nzuri ya historia yake iko ng'ambo ya maji, hivyo ratiba yako inapangwa na mwezi na upepo.

Ukilielewa hilo, nusu ya uamuzi umeshapatikana. Anayetaka kuelezwa jambo hatua kwa hatua, mbele ya kitu cha kushika kwa macho, aende Gede. Anayetaka kukaa, kusalimiana na kutembea polepole, Takaungu itampendeza. Anayependa bahari kuliko mawe aende Shimoni.

Barabara: umbali unakaribiana, uchovu haulingani

Gede kupitia Kaloleni na Shimoni kupitia Dongo Kundu zote zinakaribia kilomita 550 kutoka Nairobi. Takaungu ni kama 510. Usidanganywe na usawa huo. Kipande cha Mariakani, Kaloleni hadi Mavueni, takriban kilomita 55, kina kona na vilima lakini malori ni machache. Ukitokea Mavueni, kulia ni Takaungu na Mombasa. Kushoto ni Kilifi, na kutoka daraja la Kilifi hadi Gede ni zaidi kidogo ya kilomita 40 za lami iliyonyooka. Upande wa Kusini, ukimaliza Dongo Kundu bado una mwendo mrefu: unapita Ukunda na Msambweni, kisha Kanana unakata kushoto kwa takriban kilomita 15 hadi Shimoni. Kipande hicho cha mwisho unakiingia jioni, dereva amekaa kitini tangu alfajiri. Hapo ndipo watu hugonga ng'ombe.

Toka Nairobi saa kumi na moja alfajiri. Lengo ni kuwa umepita Athi River kabla malori hayajajaa barabarani, Mtito Andei saa mbili na nusu au saa tatu, Mariakani saa sita. Ukichelewa hadi saa moja, utapoteza saa zima kabla ya Emali, na saa hilo litakudai jioni: Pwani giza huingia kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro, na halina machweo marefu ya kukusubiri.

Pima upepo wa magurudumu asubuhi yakiwa baridi, na lile la akiba pia. Vijia vya Pwani vina kingo za mawe ya matumbawe yanayokata gurudumu ubavuni, na ubavu hauzibiki kwa kiraka. Gari dogo la kawaida linatosha kwa miji yote mitatu. Kuteremka kutoka Mazeras, shuka kwa gia ya chini. Breki zinazonukia njiani ni breki zilizotumika mahali pa gia.

Usivutwe na wazo la kukatiza Tsavo Mashariki kutoka Voi hadi Malindi ukidhani ni njia ya mkato. Ni hifadhi, unalipa ada ya watu na ya gari, mwendo ni wa polepole, na ukichelewa lango linafungwa. Nenda huko ikiwa wanyama ndio safari yenyewe.

Gede: mji unaosomwa

Ukifika Gede chepuka barabara ya Watamu, ufuate vibao. Magofu yako kama kilomita 16 kusini ya Malindi, na jambo la kwanza la kustaajabisha ni kwamba hayako ufukweni. Bahari iko mbali kiasi cha kutoisikia. Mji ulistawi kati ya karne ya 12 na ya 17, ukazungukwa na kuta mbili, wa ndani kwa wenye uwezo na wa nje kwa wengine. Wareno walifika Malindi 1498, wakakaa karibu hapo miaka mingi, na maandishi yao hayautaji mji huu kwa jina tunalolijua. Mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, kwa hiyo ukienda siku za sikukuu tarajia watu.

Tenga saa mbili na nusu. Saa moja haitoshi, na sababu ni mpangilio: ukiingia bila mwongozaji utaona kuta zinazofanana na utachoka dakika ya ishirini. Mpe mwongozaji wa getini kazi hii: akuonyeshe kwanza kaburi lenye tarehe, lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, kwa kuwa ndilo linalokupa saa ya kupimia mengine yote. Kisha msikiti mkuu na kisima chake. Chungulia kisima hicho vizuri. Moja ya sababu zinazotajwa za mji kuhamwa ni maji ya chini ya ardhi kushuka, na visima vya hapa vilichimbwa zaidi kuyafuata. Sababu nyingine ni misukosuko ya wakati ule: uvamizi wa Wazimba, wapiganaji waliotokea upande wa Zambezi, 1589, mtawala wa Malindi kuhamia Mombasa 1593, na Waoromo walioshuka kutoka kaskazini. Jina Gede lenyewe husemwa kuwa la Kioromo, lenye maana ya kitu cha thamani.

Baada ya msikiti nenda kasri, halafu nyumba. James Kirkman, aliyechimba hapa kati ya 1948 na 1958, aliziita nyumba kwa vitu vilivyookotwa ndani: nyumba ya mkasi, nyumba ya sarafu za Kichina, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya kijaluba cha pembe. Ndipo mtoto wa darasa la sita anapoamka. Kila nyumba inakuwa swali: mkasi wa nani, na ulifikaje? Waonyeshe vyoo na mifereji pia. Watoto husahau msikiti lakini hawasahau kwamba watu wa miaka 600 iliyopita walikuwa na choo ndani ya nyumba.

Kima wa humu wamezoea watu. Funga vioo vya gari, usiingie na ndizi mkononi. Vaa viatu vilivyofunika vidole kwa sababu ya mizizi, jipake dawa ya mbu hata mchana, kwa kuwa kivuli cha msitu ni chao. Njia ni tambarare, kwa hiyo mzee anayetembea kwa fimbo anaweza, ila apumzike njiani.

Ndani ya uwanja huo huo kuna mradi wa Kipepeo ulioanza 1993, ambapo wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza pupa, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya vifuko vyao, wapate sababu ya kuuacha msitu usimame. Ingia siku ya jua. Kukiwa na mawingu vipepeo hutulia kwenye majani na utadhani nyumba ni tupu.

Udhaifu wa Gede? Ni mji usio na mtu wa kukusalimu. Wengine hutoka wamejifunza mengi lakini hawajaguswa. Kulala, watu wengi huenda Watamu, ambako vyumba ni vingi na bei hupanda Desemba na Pasaka.

Takaungu: mji unaosalimiwa

Takaungu haina cha kukuonyesha kwa dakika 40, na ndiyo sababu wengi hupita njia panda yake bila kugeuka. Mazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, walihamia hapa baada ya kupokonywa mji huo na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, mwaka 1837, na mji ukawa kiti cha tawi lao moja. Utajiri wake ulitoka mashambani, mtama na mahindi yaliyopandwa na watumwa, na ni vyema kulijua hilo unapotazama milango ya nakshi na kuta nene za matumbawe. Kiti kilipogombewa mwaka 1895, ugomvi huo ulizaa vita vya Mbaruk bin Rashid, Mmazrui wa Gasi, dhidi ya Waingereza.

Namna ya kuutembelea ni hii. Acha gari mahali pa wazi karibu na mwisho wa barabara, usilipenyeze vichochoroni. Baadhi havina pa kugeuzia. Mtafute mzee au kijana wa mtaa, umwamkie, useme umetoka wapi na unataka kutembea. "Shikamoo mzee, sisi ni wageni kutoka Nairobi, tungependa kuuona mji kwa ruhusa yenu." Utapewa mtu. Mlipe kwa heshima mwishoni, na mkubaliane kiasi mapema ili pasiwe na unyonge upande wowote. Usipige picha ya mlango wa mtu kabla ya kubisha hodi. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume pia. Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane mji uko msikitini, na mwezi wa Ramadhani usitafute chakula mchana.

Asubuhi ni mahamri na mbaazi. Ukifika saa nne huenda yamekwisha, kwa hiyo aliyelala Kilifi aamke mapema. Na kulala ni Kilifi. Usije Takaungu jioni ukitumaini hoteli.

Chini ya mji kuna hori, na vijana huvusha watu kwa mtumbwi. Ni pazuri mno maji yakiwa yamejaa, rangi ya kijani kibichi katikati ya mikoko. Maji yakitoka, mchanga na tope huonekana, na mtumbwi unasubiri. Ndiyo maana kalenda ya maji, tutakayoieleza kwenye Shimoni, inahusu hapa pia.

Takaungu peke yake ni nusu siku. Iunganishe na magofu ya Mnarani, upande wa kusini wa daraja la Kilifi, yenye kaburi la mnara refu na mbuyu mkubwa sana juu ya gema. Ukiyaona Mnarani saa tatu asubuhi na Takaungu saa tano, umeona mji uliohamwa na mji uliobaki katika siku moja, kwa gharama ndogo kuliko chaguo lolote jingine hapa. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo safari inayothaminiwa kidogo kuliko inavyostahili katika ukanda huo wote.

Shimoni na Wasini: mji unaopangwa na mwezi

Shimoni imepata jina kutokana na mapango yake. Simulizi za wenyeji zinasema watumwa walifungiwa humo kabla ya kupakiwa majahazini, na kijiji chenyewe ndicho kinachokusanya kiingilio na kuongoza wageni. Ngazi za kuingilia ni za kuteremka, chini kuna unyevu na utelezi, juu kuna popo. Beba tochi halisi. Taa ya simu haitoshi, na mkono unaoishika ndio unaohitaji kujishikilia. Mtoto mdogo anayeogopa giza asilazimishwe. Karibu na hapo yapo majengo ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888 na kuifanya Shimoni mojawapo ya vituo vyake vya mwanzo.

Kisha ni Wasini, kisiwa kisicho na gari hata moja, na nyuma yake hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti yenye pomboo na matumbawe. Hapa ndipo watu hupoteza pesa, kwa sababu hawakutazama mwezi kabla ya kulipia.

Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi kuandama na mwezi mpevu, maji yanatoka sana, kupwa kukiangukia saa nne asubuhi hivi na kujaa saa kumi alasiri. Tofauti ya kina inaweza kuzidi mita tatu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo ni kinyume: maji yamejaa karibu na saa nne asubuhi, na tofauti ni ndogo.

Kwa mgeni maana yake ni hii. Ukienda siku ya bamvua, asubuhi fungu la mchanga la Kisite limejitokeza na matumbawe yako karibu na uso wa maji, safi kwa kuogelea na miwani. Bustani ya matumbawe ya Wasini, ile yenye daraja la mbao linaloendeshwa na akina mama wa kijiji, asubuhi ni mawe makavu ya ajabu, na alasiri maji yanaingia kati yake. Lakini kushuka botini kisiwani wakati wa kupwa huenda kukahitaji kukanyaga maji hadi magotini. Mzee na mwenye mtoto mgongoni wajiandae. Siku ya maji mafu kushuka ni rahisi, ila fungu la mchanga huenda usilione kabisa. Mwenye kundi la vijana achague bamvua. Mwenye wazazi achague maji mafu.

Baada ya mwezi tazama upepo. Kusi, upepo wa kusini, huvuma kwa nguvu kuanzia Juni hadi Agosti, bahari inachafuka, na maji hayaoneki ndani. Kuanzia Oktoba hadi Machi ni bora zaidi. Msimu wowote, boti nzuri hutoka asubuhi, kwa kuwa mchana upepo huamka na safari ya kurudi humlowanisha kila mtu. Kabla boti haijaondoka, hesabu jaketi za kuokolea na uhakikishe za watoto zina ukubwa wa watoto. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto kichwani, halifai kitu.

Shimoni inalipiwa vipande vipande, Gede hulipiwa mara moja. Utalipa pango, ada ya hifadhi ya bahari, boti, chakula cha Wasini na kiingilio cha bustani. Ukiambiwa bei moja ya jumla, uliza mambo mawili: je, ada ya hifadhi imo? Na je, bei hiyo ina usafiri wa gari kutoka Diani? Vifurushi vingi vimepangwa kwa wageni wa hotelini, na wewe una gari lako. Omba bei bila usafiri. Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen, hivyo lipia Ukunda ambako mtandao ni mzuri, uhifadhi risiti kwenye simu. Jaza mafuta hapo hapo. Kila mahali beba vitambulisho, maana bei ya mwananchi inategemea kuonyesha kadi.

Unataka tu kisiwa bila pomboo? Panda boti ya wanakijiji kutoka gatini Shimoni. Ni rahisi sana kulinganisha na ya kukodi, ila inasubiri kujaa, na ya kurudi ulizia saa zake kabla hujavuka.

Nani aende wapi

Usiku mbili tu, Ijumaa hadi Jumapili: Kilifi, na Mnarani pamoja na Takaungu Jumamosi. Gede iongeze ikiwa tu mko tayari kuamka mapema; ukiziweka zote tatu siku moja, Takaungu ndiyo itakayodhulumiwa, kwa sababu ndiyo inayodai subira.

Usiku tatu na watoto wa shule ya msingi: Gede, mkilala Watamu, na Takaungu njiani mkirudi.

Shimoni usiiguse kwa chini ya usiku tatu. Siku ya bahari inahitaji siku ya akiba, kwa maana upepo ukikataa leo, boti itatoka kesho. Aliyeweka nafasi ya usiku mbili huondoka amelipa na hajavuka.

Mwenye magoti mabovu: Gede kwanza, Takaungu pili, Shimoni mwisho kwa sababu ya pango na boti.

Kurudi Nairobi Jumapili, toka Kilifi au Watamu saa kumi na moja alfajiri kwa njia ile ile ya Kaloleni. Njia ya Mtwapa inafaa tu kama mnataka kusimama Jumba la Mtwana, magofu ya karne ya 14 na 15 yaliyo ukingoni kabisa mwa bahari. Hapo saa moja inatosha, lakini foleni ya Mtwapa hadi Mombasa inaweza kula mbili. Aliye Shimoni aondoke Jumamosi mchana, alale Voi, amalizie Jumapili asubuhi. Na gari likifika nyumbani lioshwe hadi chini ya sakafu wiki hiyo hiyo, kabla chumvi haijaanza kazi yake kwenye chuma.